Mikono Yangu Mtandaoni

Jumatatu, 3 Machi

Nimeteuliwa! Kuanzia leo mimi ndiye Mkuu wa Matangazo ya Mtandaoni wa chama chetu cha kusaidia shule ya watoto viziwi. Hakukuwa na mgombea mwingine. Haidhuru, simba hapigiwi kura.

Hali ni mbaya. Pampu ya kisima cha shule imekufa, watoto wanabeba ndoo kutoka bomba la jirani, na Bwana Afya ameapa kwamba maji yasipotoka kabla ya mwisho wa mwezi atafunga bweni. Mama Mwenyekiti akapendekeza tuwaandikie wafadhili barua. Barua! Nikasimama. Nikasema siku hizi mfadhili hasomi, anatazama. Nipeni video moja tu, dunia nzima ilie.

Makofi. Mkalimani wa lugha ya alama peke yake hakupiga. Alisingizia kwamba mikono yake ina kazi, anawatafsiria wajumbe viziwi. Namjua huyo. Kijicho.

Jumanne, 4 Machi

Shuleni, kupiga picha. Mpiga picha ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Tunamwita Betri kwa sababu simu yake haijawahi kuwa na chaji. Mpango: watoto wenye huzuni, ndoo tupu, jua kali.

Watoto wamekataa kuwa na huzuni! Wakiona kamera wanaruka, wanatoa ulimi. Mmoja kajivika ndoo kichwani akagonga ukuta kwa makusudi. Nikawaonyesha uso wa huzuni unavyokuwa. Wakagaagaa kwa kicheko.

Mwalimu Mkuu, mama kiziwi ambaye macho yake hayapitwi na kitu, akachukua chaki akaandika ubaoni: "Watoto wana kiu. Hawana msiba." Maneno ya mtu asiyejua biashara ya mtandao. Nimeamua huzuni nitaibeba mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Mkalimani anataka aonekane kwenye pembe ya video akitafsiri kwa ishara. Nikamwambia pembe ni ndogo. Akasema basi hata nusu ya skrini itafaa, viziwi waone vizuri. Ukimpa shubiri huchukua pima! Najua anachokitaka. Ana mikono mirefu, mizuri, ya kupendwa na kamera. Nani atanitazama mimi?

Nimepata dawa. Ishara nitafanya mwenyewe. Shuleni kuna bango la alama ukutani na nimelipiga picha. Picha ina ukungu kidogo, lakini mikono ninayo miwili, sawasawa na yake.

Mke wangu akauliza kuna ubaya gani Mwalimu Mkuu akinikagua kwanza. Nikamjibu: mama watoto, samaki haombi ruhusa ya kuogelea. Akasema samaki kazaliwa majini, baba watoto, wewe je? Nilikuwa najifunza neno "maji" na kikombe cha chai kikaruka hadi kwenye pazia.

Ijumaa, 7 Machi

Tumerekodi! Mara mbili simu ya Betri ilizimika nikiwa katikati ya uchungu. Mara ya tatu, ah, nilipendeza. Nikasema kwa sauti nzito: "Ndugu zangu, watoto hawa hawana maji. Tusaidieni tupate pampu." Mikono ikasema hayohayo, tena kwa hisia zaidi. Jicho la kushoto lilitoa chozi la kweli. La kulia liliingiwa na mdudu.

Nimeirusha bila kumwonyesha Mama Mwenyekiti. Akiona atafurahi.

Jumapili, 9 Machi

IMESAMBAA!

Nimeamka simu inatetemeka kama mwenye homa. Watu wanaitumiana toka pande zote, na wengi wao ni viziwi. Sanduku la maoni limejaa vile vikatuni vya nyuso zinazobubujikwa na machozi. Nimewaliza! Mke wangu kachungulia, akasema nyuso hizo hulia kwa kucheka. Maskini, hajui mambo ya mtandao.

Nimepita mbele ya nyumba ya Mkalimani. Polepole. Halafu nikarudi kwa njia ileile, ingawa kwangu ni upande mwingine.

Jumatatu, 10 Machi

Kuna punda shuleni.

Kaletwa na mzee mmoja mfugaji, kiziwi, kavaa koti lake la heshima. Kaja moja kwa moja hadi nje ya ofisi na kumkabidhi Mama Mwenyekiti kamba. Mama Mwenyekiti akamwita Mkalimani. Mzee akamweleza kwa mikono. Mkalimani akajaribu kujizuia, akashindwa, akakaa chini kwenye nyasi na suruali yake ya kazi.

Alipopata pumzi akatufafanulia. Kwa mujibu wa mikono yangu, nilichokisema mtandaoni ni hiki: "Ndugu zangu, mimi ni punda. Niko peke yangu. Nileteeni mwenzangu."

Mzee akaongeza kwamba anajua fika ni makosa. Ila tangu afiwe na mkewe hakuwahi kucheka namna ile, na alipoona jina la shule ukutani nyuma yangu kwenye video akauliza, akaambiwa habari ya maji. Punda atabeba ndoo mpaka pampu ipone.

Mama Mwenyekiti alinitazama. Nikasema matokeo ni matokeo.

Jumatano, 12 Machi

Nimewekwa kitimoto. Mama Mwenyekiti kauliza: watu wote hao wametazama, mchango uko wapi? Nikasema wafadhili wakubwa hutafakari kwanza. Mkalimani, bila kuulizwa, akasema labda wanatafakari waupeleke wapi, maana sikuweka namba ya kuchangia.

Wajumbe wote wakanigeukia. Hata saa ya ukutani nadhani ilisita.

Nikaeleza kwamba namba huharibu hisia. Maelezo hayakupokelewa.

Jumamosi, 15 Machi

Usaliti! Mwalimu Mkuu na Mkalimani wametoa video yao, na mimi nimeiona kama mtu baki. Watoto wenyewe ndio wanaozungumza kwa ishara, maandishi yanapita chini, Mkalimani anasoma kwa sauti, na namba ya kuchangia ni kubwa kama mlango. Msichana mmoja anaigiza mimi. Analia kwa jicho moja! Punda wa mzee amesimama pembeni, na kila mara msichana huyo anapokosea ishara kama mimi, punda anatikisa kichwa. Walimpa majani mara ngapi mpaka akakubali, sijui.

Nimeumia. Halafu nimecheka. Halafu nikakumbuka kwamba nimeumia. Mke wangu anaitazama tena sasa hivi, chumba cha pili. Namsikia.

Jumamosi, 22 Machi

Michango imetosha na pampu mpya imefungwa. Maji yamefoka! Watoto wamelowa, punda kalowa, Bwana Afya kalowa hadi soksi na hakukasirika. Amesema bweni halifungwi. Mama Mwenyekiti alijifuta macho kwa leso, akadai ni maji ya kisima.

Mwalimu Mkuu akanijia. Akaishika mikono yangu, akaipanga taratibu: hivi ndivyo "maji". Nikairudia. Akatikisa kichwa, akapanga upya. Nikapatia. Watoto wote wakainua mikono juu wakaitingisha, ndiyo makofi yao.

Akaniambia kupitia Mkalimani kwamba nakaribishwa kwenye darasa lake la watu wazima. Nimeahidi kulifikiria. Ila kwa kweli, neno moja nimelishika kwa siku moja. Darasa la nini?

Jumatatu, 24 Machi

Habari njema! Chama cha wasioona kinatafuta mtu wa matangazo, wanataka kuchangisha fimbo nyeupe. Nimeshapeleka jina.

Safari hii nimejifunza. Kosa langu lilikuwa maneno mengi. Kwa hiyo video hii haitakuwa na sauti hata chembe. Picha tupu, nzuri, zijieleze zenyewe, na wanachama wote waitazame kwanza watoe maoni.

Mke wangu akauliza wataitazamaje. Nikamwambia hayo ni mambo ya kiufundi, ayaache kwa wataalamu.