Kokoto Zilizong'aa

Jumatatu, 3 Juni
Mimi na bahati ni chanda na pete. Watu arobaini waliomba kazi ya kuhudumia tangi la maji, nikapita mimi na darasa langu la saba! Ijumaa mfereji wa mtaani unafunguliwa, na meneja atateua msimamizi. Nani mwingine? Shemeji, mdogo wa mke wangu, mpima maji mwenye miwani? Aote! Nimemwambia dada yangu atupe ndoo jalalani. Miaka kumi na moja anapanda nayo mlima, mgongo umepinda kama kulabu.

Jumanne, 4 Juni
Shemeji kanihubiria tena. Eti maji ya kisima yana amonia, kemikali isiyofaa kunywewa. Eti kwenye kokoto za tangi wanaishi vijidudu wanaoila. Eti wamelelewa wiki sita, nisiwaguse. Nimechungulia. Ute wa kahawia! Huo si ufugaji, ni uvivu. Meneja akiuona, atalaumiwa nani?

Jumatano, 5 Juni
Shemeji kaenda kupima visima vya mbali. Nimemwaga klorini ndoo mbili, nimesugua kokoto kwa brashi mpaka mikono ikachubuka. Zinang'aa kama meno ya bwana harusi! Nimesuuza mara tatu. Mimi si mjinga.

Ijumaa, 7 Juni
Meneja alizisifu kokoto. Nikanyoosha kola. Shemeji akapima maji, akapima tena, akavua miwani. Amonia yote imepita, kama kwenye mlango usio na bawabu. Akaniuliza polepole, shemeji, umewafanya nini? Nikajibu nimewaogesha. Meneja akatia mfereji kufuli: wiki sita nyingine. Akauliza nani katoa ruhusa. Shemeji akasema kosa ni lake, hakunielekeza vizuri. Usimamizi kapewa mgeni kutoka makao makuu.
Dada alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na kikombe chake. Hakunitukana. Aliniambia tu nikamwokotee ndoo.

Jumamosi, 8 Juni
Nimepata dawa! Hamira huumua unga kwa saa moja, wiki sita za nini? Kijidudu ni kijidudu. Nimenunua pakiti nane na sukari. Jumatatu, Shemeji akiingia maabara, namwaga tangini. Asijue. Ana wivu yule.
Na ile bahati ya kupata kazi? Uongo. Kati ya watu arobaini nilikuwa wa mwisho. Shemeji ndiye aliyekwenda kuniombea.