Sinki Lenye Kifua

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamka vizuri, nikaharibiwa siku na simu. Alikuwa Mlingoti, mama yake mkaza mwana wangu, mwanamke mrefu wa mwili na mrefu wa maneno. Ana sinki jipya la jikoni. Si hivi visinki vya watu wa kawaida. Eti lake ni la kauri nyeupe, zito, lenye kina cha pipa, na kifua chake kimetokeza mbele ya kabati kama tumbo la bwana harusi. Akasema mjukuu akizaliwa apelekwe kwake, aogee humo.

Mtoto bado yuko tumboni. Ameshagawiwa.

Mkaza mwana akachukua simu, akamjibu mama yake kwamba atafikiria. Kisha akalitazama sinki letu. Nilimwona. Sinki letu ni kisahani cha bati. Sufuria ikiingia, mpini wake unabaki nje. Zile kubwa huziosha uani, ameinama na tumbo lile la miezi minane, mkono mmoja kwenye sufuria na mwingine kiunoni. Mwanangu anapita, anasema pole. Pole inaosha sufuria?

Mimi mjukuu wangu hahamii kwa Mlingoti kwa ajili ya beseni. Sinki kubwa litaingia jikoni humu wiki hii. Sijamwambia mtu. Nikisema wataanza kushauriana, na nyumba hii ikishauriana haipikwi hata chai.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda dukani. Muuzaji ameniuliza kabati la jikoni lina upana gani. Nikamwambia wa kutosha. Akanipa tepu ya chuma nikapime. Namba zake ndogo kama mayai ya chawa, tena ziko pande mbili na hazipatani. Nikamrudishia. Akasema kuuliza si ujinga, mama, nikuelekeze. Nikamwambia na kuelekezwa si lazima. Nimewakatia watoto sita nguo kwa mkono huu, hakuna aliyetembea uchi.

Nyumbani nimepima mwenyewe. Kabati ni shibiri nne na vidole viwili.

Mdogo wangu wa kiume, Bonge, anajua hoteli moja inayobomolewa, masinki yametupwa uani. Bonge alibeba magunia maisha yake yote. Nikamwagiza alete jeupe lenye kifua, lisizidi shibiri nne. Akaniuliza shibiri za nani. Nikamwambia shibiri ni shibiri, asinichoshe. Akakitazama kiganja chake, akasema sawa, dada.

Jumatano, 6 Machi

Limefika. Wanaume wanne wamelibeba, na Bonge akatoa amri. Jeupe kama jino la kwanza la mtoto. Moyo wangu ulicheza.

Fundi bomba akaja. Akapima sinki. Akapima kabati. Akapima sinki tena, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Akauliza nani alichukua vipimo. Nikasema kabati nilipima mimi, sinki alipima ndugu yangu, kwa shibiri, sawasawa kabisa. Akatuomba tuwekeane viganja. Changu kikalala ndani ya kile cha Bonge kama kijiko kwenye sinia. Fundi alicheka mpaka akakaa juu ya sinki. Nikamwambia sinki si kiti na mimi si sinema.

Bonge akasema alijua. Alijua! Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema nilimwambia asinichoshe.

Fundi akasema njia ni mbili. Sinki lirudi lilikotoka, au kabati la pembeni likatwe. Kabati la pembeni lina droo za mkaza mwana. Alizichagua mwenyewe, akazisubiri miezi, akazitandikia karatasi za maua. Fundi akauliza mwenye jikoni yuko wapi. Alikuwa kliniki. Nikamwambia unamtazama.

Akakata.

Alhamisi, 7 Machi

Mkaza mwana hajanisemesha tangu jana. Angenitukana ningejua la kumjibu. Alisimama mlangoni, akaokota droo moja kwenye unga wa mbao, akaipangusa kwa khanga yake, akaenda nayo chumbani.

Mwanangu ndiye aliyefungua mdomo. Kwamba jikoni hakuna maji. Kwamba ameoshea vyombo bafuni. Kwamba ningeuliza. Nikamwambia mke wako amejipinda uani tangu mimba changa, wewe leo ndiyo umepata ulimi? Akatoka bila kunywa chai. Nikamfuata getini na kikombe. Nilikuwa na hasira, lakini sikumzaa afe njaa. Akainywa amesimama, hakunitazama, akanirudishia kikombe.

Fundi amekuja na ubaya wa pili. Sinki lina kina kirefu, kwa hiyo tundu lake limeshuka chini kuliko bomba la maji machafu lililo ukutani. Akasema maji hayapandi ngazi, bibi. Basi ukuta ukapigwa. Tindo, nyundo, vumbi mpaka ndani ya kopo la chumvi. Na ubaya wa tatu: kabati letu ni la pumba za mbao zilizogandishwa kwa gundi, haliwezi kubeba mzigo ule. Linataka miguu ya chuma. Ataileta Jumamosi. Kwa sasa amelikalisha sinki juu ya vipande vya mbao, akaniambia mara tatu nisijaze maji. Mara ya tatu alinionyesha kidole. Kwangu. Ndani ya nyumba ya mwanangu.

Mchana nimemsikia mkaza mwana akimpigia mama yake. Anamwomba gari, waje wamchukue kesho jioni. Sikutega sikio. Mlango ni mwembamba.

Nimekaa kitandani nimeshika soksi ndogo niliyokuwa nafuma. Nimekasirika mpaka nimekosea kisigino.

Ijumaa, 8 Machi

Nimejaza maji.

Yule aliyesema nisijaze hakuwa ananyang'anywa mjukuu. Nilitaka mkaza mwana alione limejaa walau mara moja kabla hajaondoka. Nilichemsha maji mwenyewe, nikachanganya, nikajaribu kwa kiwiko. Nikaweka taulo safi pembeni. Nikamwita. Akaja na begi begani.

Akayatazama maji yale. Uso ukalegea kidogo. Naapa ulilegea. Nikasema mtoto tutamshika hivi, nikazamisha mkono kumwonyesha.

Mkono haukufika chini. Mimi mtu mfupi, hili sikulijua leo, lakini hakuna aliyeniambia kuwa sinki linaweza kumdharau mtu. Nikasimama kwa vidole. Nikaegemea kwa kifua. Kabati likalia kama mbuzi, mbao zikachomoka, na upande wa kushoto ukashuka. Maji yote yakatumwagikia, yakapita miguuni mwetu, yakaenda sebuleni kutafuta mabegi mengine.

Nikamshika mkaza mwana asiteleze. Akanishika na yeye. Tukasimama hivyo, tumelowa, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuachia.

Ndipo akasema. Kwamba hakutaka kwenda kwa mama yake kwa ajili ya sinki, sinki lilikuwa maneno ya mama yake. Kwamba alikuwa anafikiria tu, mpaka alipokuta droo zake sakafuni. Humu ndani anaamuliwa kila kitu. Leo kabati, kesho jina la mtoto. Akaniuliza, mama, mdomo wako unaoongea na dunia nzima, kuniuliza mimi unakuwa mzito kwa nini?

Majibu nilikuwa nayo. Mengi, na makali. Nikachukua tambara nikaanza kukausha. Kisha nikamwambia, haya, nakuuliza sasa. Unataka nini?

Akasema anataka kujifungulia hapa. Mama yake aje akae hapa hapa. Na nisiguse kitu jikoni bila kumwambia kwanza. Nikakubali yote. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye maji. Mtu akiwa magotini hawezi kupatana bei.

Jumapili, 31 Machi

Ni msichana. Ana masikio yangu, na sauti pia, wanasema majirani. Nikimbeba ananyamaza, ananikazia macho kama anayenidai. Atapewa kila anachotaka.

Sinki limesimama imara juu ya miguu ya chuma. Droo fundi amezihamishia ukuta wa pili, mkaza mwana mwenyewe akimwelekeza, kwa tepu. Mwanangu sasa ndiye anayeosha sufuria. Hakuna mwenye neno la kulalamika, isipokuwa mimi.

Mlingoti amekuja na masanduku matatu. Mikono yake inafika hadi chini ndani ya sinki bila yeye kuinama. Kila asubuhi anamwogesha mjukuu wangu, ndani ya sinki langu, anaimba, na mimi nimesimama pembeni na taulo kama mhudumu wa hoteli. Leo kageuka, akaniambia mkwe mwenzangu, hongera, sinki hili kama limetengenezwa kwa ajili yangu. Nikatabasamu. Meno yaliniuma.

Nimekwenda uani nikampigia simu fundi. Nataka sakafu ya mbele ya sinki iinuliwe kwa saruji, ngazi moja nzuri, ukuta hadi ukuta. Mimi nitafika. Mlingoti akisimama hapo atainama kama anayetafuta sindano.

Fundi akakohoa. Akauliza kama safari hii mwenye jikoni ameambiwa.

Nikamwambia mwenye jikoni ni mzazi, anahitaji kupumzika, asisumbuliwe na mambo madogo. Aje kesho asubuhi, saruji ashushie nyuma. Ikishakauka tutamuuliza.