Mayai ya Shemeji Yasivuke Mpaka

Jumatatu, 4 Machi
Leo tena! Shemeji, mume wa mdogo wangu, amevuka mpaka na gari la mayai, akapanga trei zake mkabala na meza yangu sokoni, akauza yote kabla jua halijawa kali. Yangu yamebaki yananitazama. Wateja wanasema ya ng'ambo yana ganda gumu. Ganda! Tangu lini mtu akala ganda? Akaja kunisalimia kwa heshima zote, akasema mkewe anakaribia kujifungua, mama ajiandae kwenda. Nikamwitikia vizuri. Moyoni nilikuwa na langu. Redio imetangaza kwamba serikali yao imezuia mahindi yetu. Wakubwa wanarushiana maneno. Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini nani kasema mimi ni nyasi?

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda kwa diwani. Nikamwambia wenzetu wamezuia mahindi, basi nasi tuzuie mayai. Akakuna kidevu, akauliza kama yai lina uzito wowote katika mambo ya nchi na nchi. Nikajibu kwamba heshima ya taifa huanzia kwenye kikaango. Aliandika! Pale pale!

Ijumaa, 8 Machi
Mkutano wa hadhara. Watu wamegawanyika. Fundi baiskeli alilalamika kwamba nusu ya wateja wake hutoka ng'ambo. Muuza mitumba akasema ukimfungia jirani mlango, nawe umejifungia ndani. Nikapanda jukwaani na hoja yangu ya kikaango. Makofi! Mimi mwenyewe nilisisimka. Mama, safu ya mbele, hakupiga makofi. Nyumbani akaniuliza kama nakumbuka nani anaishi upande ule. Nikamtuliza: tunazuia mayai, hatuzuii watu.

Jumanne, 12 Machi
Ushindi! Asubuhi serikali yetu imepiga marufuku mayai ya ng'ambo. Mchana wao wakazuia bidhaa zetu zote. Jioni tukamrudisha balozi wao, na mpaka ukafungwa kabisa, kwa magari na kwa watu. Mambo yamepanda ngazi ambazo sikuzipigia hesabu. Hata hivyo nimeuza mpaka trei ya mwisho. Mama amefunga mzigo wa nguo za mtoto. Ameketi nao sebuleni.

Alhamisi, 14 Machi
Chakula cha kuku kimekwisha madukani. Mwenye duka anasema hutoka ng'ambo. Chote! Miaka yote hii nimewalisha kuku wazalendo chakula cha kigeni, na hakuna aliyenitonya. Nimewamwagia pumba. Wamenitazama kama wapiga kura.

Jumamosi, 16 Machi
Shemeji amepiga simu. Uchungu ulikuwa mgumu, mdogo wangu amepasuliwa. Anamwita mama. Nikampeleka mama hadi kwenye kizuizi cha mpakani. Afisa akatuambia kwa upole kwamba amri ni amri. Nikamweleza kuwa mimi ndiye niliyehutubia siku ile. Akasema alinisikia, akanipongeza. Mama akakaa juu ya mzigo wake kando ya barabara hadi jua likazama. Heri angenitukana.

Jumatano, 20 Machi
Shemeji amemleta mtoto hadi kwenye kamba ya upande wao. Msichana. Mama yake bado yuko wodini, ila anaendelea vizuri. Kati yetu palikuwa na kipande cha lami tu, kitupu. Shemeji akamwinua mtoto juu. Mama akanyoosha mikono, kisha akairudisha kifuani, polepole, kana kwamba ameshika kitu. Askari wa pande zote mbili wakainamisha vichwa. Shemeji akapaza sauti:
"Shemeji! Kuku wako wanakula nini siku hizi?"
Hakuwa akinikejeli. Alitaka kujua.
Njiani mama akasema, "Ulisema unazuia mayai, mwanangu. Umenizuia mimi."
Nimelia. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumanne, 26 Machi
Mpaka umefunguliwa! Mawaziri wamekutana, wakashikana mikono, wakakata keki. Mama amekuwa wa kwanza kuvuka. Hakugeuka nyuma. Kuku wangu wengi wamekufa, waliosalia hawatagi. Jioni gari la shemeji likanishushia magunia ya chakula cha kuku. Zawadi, akasema, tusameheane. Nikamshika mkono. Kweli undugu si wa kuchezea. Nimeapa sitarudia.

Jumapili, 31 Machi
Nimetafakari kwa kina, nikaona kosa langu lilipokuwa. Kosa lilikuwa kuku! Kuku hula cha kununuliwa. Nyuki hujitafutia. Nimeuza waliosalia, nimenunua mizinga. Seremala aliyeichonga akauliza nyuki watapata wapi maua huku kwetu palipokauka. Nikamwonyesha kilima cha ng'ambo, kimejaa alizeti za wenzetu tangu chini hadi juu. Nyuki haulizwi pasipoti! Tatizo ni moja tu: asali ya kigeni inauzwa sokoni bila haya. Kesho naonana na diwani.