Salamu ya Wakwe Nikiwa Ukutani

Leo nimejiaibisha mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wakwe. Nawasimulia mapema hapa kundini kabla hamjasikia kwa watu wa mtaa wangu wa Rusimbi, maana wale wataongeza chumvi.

Mnajua mtaani kwetu wezi wametuchosha. Wanaingia mchana, watu wakiwa kazini. Wanabeba televisheni, wanabeba hata sufuria na mboga yake ndani! Kwenye kikao cha mtaa nikasema tuweke walinzi wa kampuni. Wasomi wakaanza: mchakato, tathmini, sijui nini. Nikawaambia kaeni chini. (Darasa la tatu sikumaliza, lakini nyumba nimeijenga kwa biashara ya mawese, na hakuna aliyenichangia hata tofali.) Walinzi wakaja. Amri nikawapa mimi: "Mkimkuta mtu ukutani, msimuulize jina. Pulizeni filimbi!"

Sasa leo wakwe wanatoka Ilagala kuleta posa ya binti yangu, Adela. Yeye na mama yake wakaenda sokoni Mwanga kutafuta samaki, migebuka. Mimi nikatoka kidogo tu, kwa jirani yangu Mama Sikujua, kuazima viti. Nimevaa singlendi na kaptula. Nyuma yangu nikasikia: kwaa! Geti limejifunga. (Geti hilo nililinunua mwenyewe, nikajisifu mtaa mzima kwamba linajifunga lenyewe.) Funguo mezani. Suti kitandani.

Simu ikalia. Mshenga. "Mzee, tumeshaingia Rusimbi!"

Nikampigia mke wangu. Hapokei. Nikawaza: mimi, niwapokee wakwe na singlendi yenye matundu? Haiwezekani! Nikazunguka uani kwa Mama Sikujua, maana ukuta wetu ni mmoja. Nikapanda kiti chake, nikashika juu, nikajivuta. Nguvu zikaishia katikati. Mikono juu, tumbo ukutani, miguu inatafuta pa kukanyaga. Na kiti kikaanguka.

"Wewe! Tulia hapo hapo!"

Mlinzi. Tena mgeni, kaletwa wiki hii.

"Kijana, hii ni nyumba yangu!"

"Wote husema hivyo."

"Mimi ndiye niliyewaleta hapa!"

"Basi utaratibu unaujua, mzee."

Prrrrrr! Filimbi.

Mtaa mzima ukamwagika. Huyu na mwiko, yule na mchi, fundi cherehani na mkasi wake. Mama Sikujua akatoka jikoni, akaniona, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama Sikujua, mwambie huyu mimi ni nani!"

"Ngoja kwanza nipumue, Baba Adela!"

Mlinzi akatikisa kichwa. "Mdhamini anayecheka simpokei. Nataka mtu mzima aliyetulia."

Kumbe wakwe wamezisikia zile kelele wakadhani ndiyo mapokezi! Wakafuata sauti mpaka uani. Mbele yupo bibi yake bwana harusi, mkongwe, kajifunga kitenge kipya.

"Baba wa binti yuko wapi?" akauliza.

Mshenga akakohoa. "Ni yule, bibi. Wa ukutani."

Yule bibi hakushtuka. Sisi Waha salamu yetu ina makofi: unainama, unapiga taratibu, na mwenzio anakuitikia kwa makofi yake. Bibi akainama. Pa, pa, pa. "Mwakeye!"

Nikaitikia kwa mdomo. Bibi bado anapiga. Pa, pa, pa. Mgongo umepinda, anangoja. Jamani, bibi wa watu katoka Ilagala, nimwache anapiga makofi peke yake? Mkono mmoja haupigi kofi!

Nikaachia yote miwili. Nikapiga. Nadhani nilipiga mara moja na nusu.

Chubwi! Chini palikuwa na pipa la Mama Sikujua, kaloweka muhogo. (Aliyewahi kunusa muhogo uliolowekwa sina haja ya kumweleza.)

Nikainua kichwa, nikamwona Adela mlangoni na kapu la samaki. Machozi yanamlenga. "Baba..." akasema, basi. Kiuno hakikuniuma kama neno lile. Nikajua mtoto wangu nimemkosesha mume.

Mlinzi hana habari. "Haya, nani anamdhamini huyu?"

"Mimi," bibi akasema. "Wenye suti zao wananisalimia huku wanatazama simu. Huyu kaniachia ukuta! Namdhamini. Ni mkwe wetu."

Vigelegele! Adela akacheka na machozi yake. Mshenga akahangaika: "Lakini bibi, posa bado hatujaitoa!"

"Si uitoe! Unangoja akauke?"

Nimeipokea posa nikiwa nanuka muhogo, chapachapa, na nimekubali kwa sauti kubwa. Harusi ipo. Ila atakayecheka kwenye kundi hili, kadi yake ya mwaliko nampa yule mlinzi.