Laghai Hai na Riwaya ya Daktari Haverkamp

Jumatatu, 6 Machi 1911
Gazeti la leo limenitia wazimu! Daktari Haverkamp, mwandishi mashuhuri wa hapa Munich, anaandika riwaya ya tapeli mtanashati. Kaulizwa kamtoa wapi. Kajibu: kwenye kumbukumbu za mwizi mmoja wa hotelini, na kwenye maisha ya washairi wa kale. Vitabuni! Na mimi, Alois Zirngiebl, laghai hai, nakaa mitaa miwili tu kutoka kwake! Lazima shujaa wake atokane na mimi.

Mama mwenye nyumba, Bibi Kreszenz, kaniambia ninywe supu kwanza. Eti laghai gani huyu anayepunjwa na muuza figili!

Jumanne, 7 Machi
Nimepeleleza. Kila Alhamisi saa kumi Daktari hunywa kahawa Hoteli ya Tausi, karibu kabisa na mapokezi. Nitaingia kama Baroni von Rabenau! Nimeazima koti la manyoya la marehemu mume wa Bibi Kreszenz. Linanuka kafuri. Nimejiona kwenye kioo nikajipigia saluti.

Alhamisi, 9 Machi
Nyota ya jaha! Nimeingia kwa madaha, karani kainama mpaka kiunoni. Daktari kanikazia macho. Kisha nikapewa fomu ya polisi ya kuandikisha wageni wa hoteli. Sasa fomu ya serikali, yenye muhuri, nani ataidanganya? Nikajaza: Zirngiebl, Alois. Mhudumu wa mvinyo, kafukuzwa kazi. Sababu ya kuja: kujifanya Baroni.

Karani kaisoma kwa sauti. Kaniuliza: Mheshimiwa Baroni atatoka mwenyewe au asaidiwe? Lakini Daktari kacheka mpaka machozi, katoa daftari, kaandika! Nimo! Nimo riwayani!

Jumamosi, 11 Machi
Nimemvizia Daktari bustanini. Kanipa mkono. Kasema kweli nimo, sura ya tatu. Nusura nimbusu! Kisha kafafanua: tapeli anabaki yule wa vitabuni. Mimi ni mhudumu bwege anayeibiwa saa, halafu anamfungulia mwizi mlango na kumtakia safari njema. Nimeumia sana. Bibi Kreszenz kasema Daktari kanichora vilivyo.

Jumapili, 12 Machi
Nimegundua kosa! Ni koti. Kafuri imeniponza. Alhamisi narudi kama Mwanamfalme, bila koti. Na safari hii sibahatishi: kesho asubuhi naenda polisi kuomba kibali cha kutumia jina la uongo. Bibi Kreszenz kauliza ombi nitaliandika kwa jina gani.

Swali gani hilo? Langu la kweli. Fomu ni fomu.