Ombi la Kuhamia Ndani ya Ripoti

Karuba, tarehe 9 Machi 2009

Kwa Papa Mkuu wa Ugavi wa Vifaa vya Nyumba,
Ofisini, Goma

Papa Mheshimiwa,

Mimi ni Thacienne, mkulima wa Karuba, yule ambaye nyumba yake ilichomwa vitani na shirika lenu likamwahidi nyingine kwa siku thelathini. Leo ni siku ya mia na arobaini. Sina haraka. Naandika kwa sababu kazi yenu ya kuleta vifaa imepimwa, ikapata asilimia tisini na nne, na alama hizo zinanitesa.

1. Mlango ulifika wa kwanza, siku ileile iliyopangwa, pamoja na kufuli. Kumi juu ya kumi. Kuta hazikuwepo, tukausimamisha kwa mawe katikati ya kiwanja. Mama mkwe wangu, Sidonie, huketi nyuma yake, na majirani wenye adabu hubisha hodi kabla ya kumsalimia.

2. Simenti, mifuko ishirini, ilishushwa kwenye mvua, ikawa mawe. Mpimaji wenu, Papa Muhindo, akahesabu: ishirini. Nikamwambia, "Papa, hii haiko simenti tena." Akanijibu kwa upole, "Mama, karatasi inauliza mifuko iko ngapi. Haiulizake kama iko laini."

3. Mabati thelathini yalitoka Goma. Kwenye vizuizi wenye bunduki walipunguza mzigo, yakafika sita. Gari lilikuwa jepesi, likapanda mlima upesi, nanyi mkapata sifa ya mwendo.

4. Misumari haikuja. Papa Muhindo aliandika "haihusiki", maana hakuna paa la kupigilia.

5. Baada ya hapo jina langu liliingia kwenye orodha ya waliokwisha kupewa nyumba. Wiki iliyofuata watu wenu walikuja kukunja hema letu. "Mama, muntu mwenye iko na nyumba halalake mu hema." Watoto wangu wanne walikuwa bado ndani. Sasa tunalala jikoni kwa jirani yetu Mama Epiphanie, pamoja na moshi na mbuzi wake.

Sigombani na ripoti. Ikiwa nyumba yangu imo humo, naomba gari la kutuleta Goma tuhamie. Tuko watu sita. Tutavumilia zile asilimia zinazokosekana. Nadhani ni madirisha. Tungependa ukurasa usiovuja.

Wasalimie wenzako wote wa ofisi, madereva, na mama wa nyumbani kwako.

Ni mimi, kwa heshima,
Thacienne Uwitonze

N.B. Papa, gari lisije tena. Barua hii ilikaa siku kumi ikingoja mtu wa kwenda Goma. Katika siku hizo Papa Nshimiyimana, fundi wa hapa kwetu, na watu wa kwaya walikata mianzi, wakakanda udongo, wakaezeka kwa majani na yale mabati sita. Tumeingia Jumamosi. Papa Muhindo alikuja kupima, akatoa sifuri, kwa kuwa udongo haumo kwenye orodha ya vifaa. Mvua ikamkuta kwetu. Alikula viazi, akatazama juu muda mrefu, kisha akauliza polepole kama fundi wetu anaweza kufika Goma: nyumba yake yeye mpimaji ina mwaka wa nne haijaezekwa. Papa Nshimiyimana amekubali, na ndiye aliyekukabidhi barua hii. Mpe chai, ametembea kwa miguu.