Bandeji ya Kifuani

Jumatano, 8 Oktoba
Nimerudi Mnero, niko hai. Jumamosi nilikwenda Dar kuishangilia timu yetu ya Namungo, nikaanguka getini hata tiketi haijachanwa. Moyo. Mshipa ulikuwa umeziba. Madaktari wakapitisha waya kwenye kifundo cha mkono wa kulia hadi moyoni, wakauzibua. Daktari akaonya: mkono huo usibebe kitu, usivutwe, na ukivimba nikimbilie zahanati. Niliitikia yote. Mke wangu Magreti naye aliitikia, ila yeye alikuwa anasikiliza.

Alhamisi, 9 Oktoba
Kijiji hakiniamini. Jirani yangu Saturnini alipasuliwa ngiri mwezi uliopita. Ana mshono mrefu, akija mtu anafunua shati, na banda lake limejaa kuku wa pole. Mimi nimezibuliwa moyo, nina kidonda kama cha kuumwa na siafu! Leo Saturnini ameuliza mbele za watu kama Dar siku hizi jino nalo linang'olewa kupitia gotini. Wamecheka. Mama Agatha alikuja na kuku, akaondoka naye. Imeniuma sana.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mpango. Bandeji pana kifuani, kutoka kwapani hadi karibu na kitovu, na dawa nyekundu kidogo katikati. Plasta ya mkononi nimeibandua, isichanganye watu. Magreti amesema kumbe walizibua mshipa mmoja tu, wa kichwani wakauacha.

Jumapili, 12 Oktoba
Baada ya misa wamefurika. Mayai, korosho, jogoo. Kifua hakuna aliyekigusa, wanakiogopa. Mkono ndio wameushika wote. Huku kwetu mgonjwa hapewi pole kwa ncha za vidole. Mkono unashikwa na kutikiswa mpaka habari za kwao ziishe, na watu wa Mnero wana habari nyingi. Ningesema unauma, bandeji ingekuwa ya nini? Mwisho akaja mtani wangu Abdulkarimu, mchimba dhahabu wa machimbo ya Namungo. Kautikisa kama anachekecha mchanga, huku akiuliza nikifa baiskeli yangu anaichukua nani.
Jioni kifundo kimevimba, kimekuwa cheusi. Vidole vina ganzi. Naogopa. Jogoo lakini ni mkubwa.

Jumatatu, 13 Oktoba
Zahanati. Nesi Koleta kafungua bandeji ya kifuani kwa uangalifu, safu kwa safu, hakukuta kitu. Kanitazama. Nikamwonyesha mkono. Damu ilikuwa imevujia chini ya ngozi. Kaubana muda mrefu, kila mara anaangalia kama vidole vinapata damu. Alisema ningekaa nyumbani zaidi ningeweza kuupoteza. Nimelia kweli, si kwa ajili ya pole. Ganzi ilipopungua akaufunga kwa kitambaa shingoni na kusema asiushike mtu. Haya naandika kwa kushoto.
Saturnini alikuwa kwenye benchi, kaona yote. Nilipofika nyumbani habari zilishanitangulia.

Jumanne, 14 Oktoba
Nilitegemea aibu. Kumbe kitambaa kinawahurumisha watu kuliko bandeji! Koleta amewaeleza kwamba moyo kweli hutibiwa kupitia mkononi. Mama Agatha amerudi na kuku yule yule. Saturnini amefunua shati peke yake barazani, hakuna aliyemtazama.
Tatizo moja. Mkono wa kulia umefungwa, na zawadi haipokewi kwa kushoto. Mama Agatha kasimama na kuku, kanisubiri, mwishowe akampa Magreti. Magreti anasema kuku aliyempokea yeye ni wake. Banda linajaa, mimi sina hata unyoya.

Jumatano, 15 Oktoba
Uvimbe umepungua. Koleta amepita, amesisitiza kitambaa kisitoke mpaka akitoe mwenyewe. Hakusema kisihame. Nimekihamishia mkono wa kushoto, na mwandiko wangu umerudi vizuri. Abdulkarimu ametuma salamu: kesho anakuja na bata mzinga, atanikabidhi mwenyewe mkononi. Kiti chake nimekiweka upande wa kulia.